Nimependekezwa kuwa mwakilishi wa wanafunzi kwenye bodi ya mikopo: nitakuwa wa nani?

Mteule (swali)
Ndugu zangu, salaam. Jina langu limependekezwa niwe mwakilishi wa wanafunzi kwenye bodi ya umma inayosimamia mikopo na ruzuku za masomo, na nikithibitishwa nitakaa meza moja na wahasibu, wanasheria na maofisa wa wizara waliozianza kazi hizo kabla mimi sijaingia darasa la kwanza. Wenzangu wameshaanza kuniletea namba za fomu zao, wengine wakitaka nikawasemee kwenye rufaa, wengine wakitaka kila kitakachozungumzwa kikaoni kiwafikie jioni ileile. Barua niliyopewa, kwa upande wake, inataka mjumbe alinde maslahi ya taasisi na siri za vikao. Je, pale nitakuwa wa wanafunzi au wa bodi? Na mtu mmoja kati ya wengi anaweza kubadilisha nini?

Mjumbe wa Zamani
Hongera sana, mdogo wangu. Niliwahi kukalia kiti cha namna hiyo nikiwa mwanafunzi, kwa hiyo nitakueleza niliyoyaona. Ukishakubali uteuzi wewe ni mjumbe kamili, unawajibika kwa sheria iliyoiunda bodi sawa na wajumbe wengine, na uwanafunzi wako ndio uliokuweka pale, kwa kuwa hakuna mwingine mezani anayejua hali inavyokuwa hosteli wiki ya tatu fedha za chakula na malazi zikiwa bado hazijaingia. Mambo hayo mawili hayagombani mpaka utakapobeba kesi ya mtu mmoja. Namba za fomu warudishie wenyewe na uwaelekeze kwenye dirisha la rufaa, kwa sababu mjumbe akianza kumsemea rafiki yake, anayesukumwa nyuma ni yule wa kijijini asiyemjua mjumbe yeyote. Lakini fomu hizo zikifanana, tuseme nyingi zimekwama kwa kuwa cheti cha kifo cha mzazi hakijahakikiwa, hapo umeshapata hoja ya kikao: utaratibu unawachelewesha yatima, ambao ndio waliotakiwa kutangulia.

Makabrasha ya kikao huwa mazito na hufika siku chache kabla. Mimi nilijizoeza kuanza na majedwali ya malipo kabla ya taarifa za maelezo. Katika kabrasha moja nilikuta safu nyembamba pembeni kabisa ya jedwali, iliyoonyesha vyuo ambavyo vilikuwa havijawasilisha matokeo ya wanafunzi wanaoendelea, na fedha za wanafunzi hao zilikuwa zimesimama kwa sababu hiyo tu. Vyuoni watu walikuwa wakiilaumu bodi peke yake. Nikauliza: nani anamjulisha mwanafunzi kwamba fedha yake inasubiri matokeo, na anamjulisha lini? Hapakuwa na jibu, swali likaingia kwenye muhtasari, na kikao kilichofuata menejimenti ikaja na orodha ya vyuo pamoja na tarehe za mwisho za kuwasilisha. Mtu mmoja anaweza kubadilisha kiasi hicho, na kwa aliyekuwa akilala njaa si kidogo hata kidogo.

Wakili
Naongezea upande wa sheria, kwa mfano wa Tanzania. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Makato ya asilimia 15 ya mshahara wa mnufaika yaliingia kwa marekebisho ya sheria yaliyopitishwa na Bunge mwaka 2016, wakati tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilitangazwa kufutwa na Rais Samia Suluhu Hassan kwenye Mei Mosi ya mwaka 2021. Ninayataja haya ili uone kwamba mambo yanayowauma zaidi wanufaika mara nyingi huamuliwa juu ya bodi, hivyo usiwaahidi wenzako jambo ambalo kikao chenu hakina mamlaka nalo. Tafuta kwanza yale ambayo sheria yenu inaiachia bodi, kama vile mwongozo wa maombi, vigezo vya uhitaji na ratiba ya malipo, kisha weka nguvu zako huko.

Jambo jingine ni kwamba ukiwa wewe mwenyewe mnufaika, tangaza maslahi yako kwa maandishi mapema. Kuhusu siri, taarifa za waombaji na rasimu ambazo hazijaamuliwa hazitoki, lakini uamuzi uliokwisha kupita ni haki ya wanafunzi kuujua, kwa hiyo kabla kikao hakijafungwa mwombe mwenyekiti aseme lipi linaweza kutangazwa. Ukizidiwa kura, omba msimamo wako uandikwe.

Katibu wa Wanafunzi
Mimi kinachonisumbua ni muda. Kule Marekani, tume ya California inayosimamia misaada ya wanafunzi ina wajumbe 15, wawili wakiwa wanafunzi, na muhula wa hao wawili ni miaka miwili ilhali wa wengine ni minne. Anayeondoka mapema hivyo, asipoacha jalada, anayemfuata anaanza upya na hoja zinakufa. Pia waeleze wanafunzi waziwazi kama unalipwa posho ya kikao, wasije wakaisikia kwa wengine.

Mteule
Nawashukuru sana. Fomu nitazirudisha kesho, nikishaandika sababu za kukataliwa bila majina ya wenyewe. Mjumbe wa Zamani, nikithibitishwa niombe nini kwanza?

Mjumbe wa Zamani
Mwandikie katibu wa bodi akupatie sheria, kanuni, mihtasari ya mwaka uliopita na kalenda ya malipo. Kwenye mihtasari, tia alama kila agizo lililotolewa ambalo halikutolewa taarifa tena. Kikao cha kwanza uliza juu ya mojawapo, lile linalogusa wanafunzi wengi zaidi.