Pampu ya joto inatoa moshi mweupe alfajiri na chini imejaa barafu: ni mbovu au ndiyo kawaida yake?

BintiPangani

Wakuu, habari za wikiendi. Naomba ushauri, hasa kwa mnaoishi nchi za baridi na mafundi wa AC na friji.

Tunaishi Oldham, jirani na Manchester. Nyumba si yetu, tumepanga kwa shirika la nyumba. Kiangazi kilichopita waling'oa boila ya gesi wakatufungia pampu ya joto, mashine ya umeme inayovuta joto la hewa ya nje kupasha nyumba: boksi kubwa lenye feni nje ya mlango wa jikoni, na ndani tangi la maji moto pamoja na redieta (zile za ukutani zinazopitisha maji moto kupasha chumba) pana kuliko za zamani. Oktoba yote tulikula raha. Ilipoingia Novemba na ukungu wake ndipo vituko vikaanza. Baridi yenyewe si ya kutisha, nyuzi 3, nyuzi 2, ila hewa imelowa kiasi kwamba nguo ukianika leo unaweza kuzianua wiki ijayo bado mbichi.

Mgongo wa lile boksi unaota barafu nyeupe mpaka vile vibati vyembamba vya alumini havionekani. Halafu feni inasimama yenyewe, unasikia "pshaaa" kama breki za lori, na moshi mweupe unapanda hadi dirisha la juu. Juzi alfajiri jirani alitugongea mlango akidhani jiko linaungua. Baada ya dakika chache feni inaanza tena kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kinachonitia hofu zaidi ni maji. Yanatiririka mpaka kwenye njia ya kupitia, usiku yanaganda. Mama mkwe yupo kwetu na nusura ateleze akienda kutupa taka. Chini ya boksi kuna bonge la barafu ambalo haliondoki.

Bili nayo imepanda. Mume wangu anataka tuwe tunaizima usiku na kuiwasha asubuhi. Shirika nimewapigia, wakanijibu ni kawaida, ndivyo zilivyo, basi. Je, kweli ni kawaida? Na hilo bonge nilitoeje?

MtotoWaChumbageni

Dada rudi Tanga. Huku barafu tunanunua.

Kamanda_01

Funika na turubai usiku, au blanketi zito. Mashine inapigwa na baridi, lazima igande.

FundiBaridi

Kamanda, usimpoteze dada wa watu. Ukiifunika umeiua. Ile mashine inaishi kwa hewa. Ikikosa hewa itaganda mara mbili zaidi.

BintiPangani, mimi ni fundi wa AC na friji, nipo Mwanza. Pampu ya joto sijawahi kufunga kwa ajili ya kupasha nyumba, lakini ndani yake hakuna kigeni: kompresa, koili mbili (mabomba yaliyopita kwenye vile vibati vyembamba), feni na gesi inayozunguka humo ikibeba joto. Kwenye AC ya huku koili ya ndani ndiyo ya baridi, ndiyo maana maji yanadondoka ndani na bomba la maji tunalitoa nje. Kwako mzunguko umegeuzwa. Koili ya nje ndiyo ya baridi, kwa hiyo maji yote yanatokea nje.

Ili joto la hewa ya nje liingie kwenye gesi, koili lazima iwe baridi kuliko hiyo hewa. Hewa ikiwa nyuzi 3, koili inaweza kuwa hasi 3 au hasi 4. Unyevu ukigusa pale unaganda papo hapo. Barafu ikijaa kati ya vibati hewa haipiti, kompresa inahangaika, joto linapungua. Mashine ikihisi hivyo kupitia sensa zake, inageuza mzunguko: gesi ya moto inakwenda kwenye koili ya nje badala ya ndani. Ile "pshaaa" ni valvu ya kugeuza ikibadilisha njia na presha ikisawazika. Feni inasimama makusudi, ili isipulize baridi kwenye koili inayopashwa. Na huo moshi ni mvuke wa maji tu. Mwambie jirani alale.

Hapo redieta lazima zipoe kidogo, kwa sababu joto la kuyeyushia linachotwa kwenye maji ya mfumo wa ndani. Kama mabomba yana maji ya kutosha hutahisi tofauti kubwa. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunahitaji joto la chini kidogo ya uniti 0.1, kwa hiyo zoezi lenyewe si mla umeme mkubwa mnavyodhani. Gharama iko zaidi kwenye muda ambao koili ilikuwa imezibwa, na kazi ya kupasha upya maji yaliyopoa.

Sasa nataka uniangalizie kitu. Baada ya moshi kuisha, vile vibati vinabaki safi kabisa, juu mpaka chini? Au kuna sehemu haiyeyuki? Jibu lako ndilo litaamua kama ni kawaida au kuna ugonjwa.

Mbergeni

Nimeishi Bergen, hapa Norway, miaka kadhaa kabla ya kuhamia Røros, na natoa ushahidi kwamba hali ya hewa ya dada ndiyo mbaya kuliko zote kwa mashine hizi. Watu wanaogopa hasi 20. Røros tunaifikia kila majira ya baridi na mashine inayeyusha barafu mara chache, kwa sababu hewa ni kavu. Bergen ni mvua na nyuzi 1 au 2, mashine inafuka moshi kutwa.

Hewa ya nyuzi 3 iliyoshiba unyevu ina gramu 6 hivi za maji katika kila mita moja ya ujazo. Ikishuka hadi hasi 10, gramu 2 na kidogo tu. Kwa hiyo usishangae kuona mashine ikihema zaidi siku ya ukungu kuliko siku ya baridi kali yenye jua. Kwenye baridi kali nguvu yake inapungua kwa sababu nyingine, lakini barafu ya mgongoni si tatizo kubwa.

Huku Norway nyumba nyingi zina pampu ya joto, na hizo za nje tunazitundika ukutani, juu, ili theluji isizifikie na maji yadondoke chini kwa uhuru. Trei ya chini mara nyingi ina waya wa kupasha ili maji yasigande kabla ya kutoka. Wapo wanaoijengea kibanda cha mbao ili ipendeze. Wakiziba sana, hewa baridi iliyotoka inazunguka na kurudi ndani, na barafu inaongezeka. Nimeona kwa jirani yangu.

BintiPangani

Nimetoka kuangalia. Moshi ulipoisha vibati vilikuwa safi, vinang'aa, tena pande zote. Ila bonge la chini halikuguswa. Nimemulika kwa tochi chini ya boksi: kuna tundu moja la kutolea maji na limezibwa na majani yaliyooza ya mti wa jirani. Boksi limekaa juu ya vipande vya mpira, kwenye zege tupu, na hilo zege limeinama kuelekea kwenye njia.

FundiBaridi

Basi moyo utulie. Mashine inafanya kazi yake vizuri. Kilichoharibika ni mahali pa kupeleka maji, na hilo ni la aliyefunga. Kila ikiyeyusha inaweza kutoa lita nzima au zaidi, na kwa siku moja ya ukungu ni ndoo. Yale maji yalitakiwa yaingie kwenye shimo la kokoto chini ya mashine, au yapelekwe kwa bomba hadi kwenye mfereji. Kama ni bomba, liwe fupi, lenye mteremko, na penye baridi liwe na waya wa joto, maana bomba refu jembamba litaganda na kuziba.

Bonge usiliguse kwa bisibisi wala kisu. Wote tunajua friji ngapi zimekufa nyumbani kwa sababu mtu alichokonoa barafu ya friza kwa kisu cha jikoni. Hapo kuna hatari zaidi: pampu nyingi mpya zinatumia gesi ya R290. Hiyo ni propani, ile ile inayopatikana kwenye mitungi ya gesi ya kupikia. Ukitoboa bomba unaachia gesi inayoshika moto mlangoni mwa jiko. Soma kibandiko cha ubavuni kitakuambia ni gesi gani.

Zima mashine kwenye swichi yake, toa majani kwa mkono wenye glovu, mimina maji ya uvuguvugu polepole kwenye trei. Ya kuchemka hapana. Likiachia, washa. Chumvi pia usimwage karibu na boksi, inakula alumini na shaba. Kwenye njia tumia mchanga, na mama apitie mlango wa mbele mpaka pawe sawa.

Siku ukiona barafu inabaki baada ya moshi na inanenepa kila mzunguko, au imeshika sehemu moja tu ya koili na kwingine pakavu, au feni inakwaruza barafu, zima uite fundi. Hapo inaweza kuwa gesi imepungua, sensa imekufa au feni imechoka.

Mzawa_Cardiff

Niongeze neno kuhusu bili, maana hapo ndipo Waingereza wengi wanapolizwa. Msiizime usiku. Ukiizima, saa kumi na moja alfajiri inaamka na deni la nyumba nzima, wakati ambao nje ndiyo pabaya kuliko saa zote. Itakimbia kwa nguvu zote, koili inakuwa baridi zaidi, barafu inazidi. Shusha themostati (kidhibiti cha joto la nyumba) nyuzi 1 au 2 wakati wa kulala, basi.

Cha pili, nenda kwenye skrini ya mashine utazame joto la maji yanayokwenda kwenye redieta. Mafundi wengi wanaacha 55 ili wasipigiwe simu. Kwa redieta pana kama zako jaribu 45, nyumba ikibaki na joto shuka tena kidogo kidogo. Kila nyuzi moja unayopunguza inaokoa asilimia 2 hivi ya umeme. Kuna pia mpangilio wa mashine kujirekebisha yenyewe kulingana na baridi ya nje. Kama umezimwa, uwashwe. Tangi la maji ya kuoga lina mpangilio wake, hilo usilishushe hovyo kwa sababu ya bakteria.

Na ukumbuke uniti ya umeme hapa ni ghali mara kadhaa kuliko ya gesi. Pampu ikitoa uniti 3 za joto kwa 1 ya umeme bado unakaribiana tu na bili ya boila. Ikishuka hadi 2 umeumia. Ndiyo maana hizo nyuzi za maji si jambo dogo.

Nyanda_za_Juu

Samahani kuingilia. Sisi wa Makete asubuhi za Juni na Julai shamba linakuwa jeupe kwa barafu, na ndani tunaota mkaa. Mashine hii inafaa huku?

FundiBaridi

Inafaa, na huhitaji mabomba ya maji wala redieta. AC ya split yenye uwezo wa kupasha, ambayo kwa kawaida kwenye rimoti ina alama ya jua, ni pampu ya joto tayari. Uliza kabla ya kununua, kwa sababu nyingi zinazouzwa Kariakoo ni za kupoza tu. Umeme ukikatika imelala, hilo ulijue. Na huo mkaa msilale nao ndani ya chumba kilichofungwa, unaua bila harufu.

BintiPangani

Wakuu asanteni sana. Majani nimetoa, bonge limeachia upande mmoja. Skrini ilikuwa inasoma 55, nimeweka 47 naona jioni hii itakuwaje. Mume wangu amesoma uzi wote, kakubali kuacha swichi. Shirika nimewaandikia barua pepe na picha za njia iliyoganda.

Mzawa_Cardiff

Kwenye barua pepe usiandike "pampu inatoa barafu", watakujibu ni kawaida tena. Andika kwamba maji ya mashine yanaganda kwenye njia ya kupita watu na mzee nusura aanguke, na uwaombe wachimbe shimo la kokoto au waweke bomba lenye waya wa joto. Weka tarehe kwenye kila picha.