Nimepeleka tochi kutafutiwa globu, jamaa kaiweka kwenye MIZANI

Wakuu, naandika nikiwa kwenye daladala, nimesimama, kwapa la mtu liko usoni, na hilo si jambo baya zaidi lililonipata leo.

Yule jamaa. Mnamjua. Mwenye kalamu sikioni na feni inayomwangalia yeye peke yake. Kila aliyewahi kutafuta kitu cha umeme Kariakoo ameshapita mikononi mwake akatoka amenuna. Simtaji, maana waya nitahitaji tena.

Nimeenda na tochi yangu, Mag Charger ile ya zamani ya alumini, mwili mweusi, nzito ya maana. Ni ya marehemu baba. Alilinda ghala usiku miaka na miaka, bosi wake alipofunga biashara akamwachia tochi badala ya kiinua mgongo. Ukiiwasha Kigamboni, ng'ambo wanadhani feri imetia nanga kwao sebuleni. Mwizi akimulikwa nayo anaomba msamaha mpaka wa penseli alizoiba darasa la pili. Sasa globu imeungua na betri haishiki chaji. Vitu viwili tu nilivyofuata.

Nimemkabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu. "Kaka, naomba globu ya hii. Ya pini mbili, siyo ya kukaza." Hakuifungua. Hata kioo hakukitazama. Kaipandisha mkononi, kaishusha, kamwita kijana wake: "Dogo, leta mizani."

Mizani!

Na mimi bwege nikadhani ni utaalamu. Nikajua labda siku hizi globu zinaendana na uzito. Dogo akaja na ile mizani ya ndoano, wakaitundika kwa kamba. Tochi ya baba yangu inaning'inia pale, inazunguka taratibu kama jodari wa mnada. Jamaa kasoma, kasonya: "Haifiki kilo, bosi. Nakupa buku mbili."

Duka zima likacheka. Kuna mama alikuja kununua soketi, hanijui simjui, alicheka mpaka akashikilia kaunta. Na unajua mimi nilijibu nini? Nilisema, "Lakini ina betri ndani." Yaani NILIANZA KUPATANA BEI! Mdomo ulijiendea wenyewe.

Nimetoka hapo nikaingia maduka kama tisa, mpaka mtaa wa Gerezani kwa wauza vyuma. Kila mmoja ananionyesha zile tochi za plastiki zenye redio, zinazokufa kabla risiti haijakauka. Sawa, hao hawana, wamesema hawana, hakuna ugomvi. Lakini kuitundika? Kwenye ndoano? Baba wa watu alikuwa anaifuta kwa leso kila asubuhi!

Buku mbili. Na bado ilikuwa inazunguka.

---

Kandambili Moja: Pole mkuu. Swali fupi: buku mbili uliichukua?

Mleta uzi: Nimesema ni ya marehemu baba.

Kandambili Moja: Hujajibu.

Mama Nguvu Kazi: Huyo huyo! Mimi nilimpelekea pasi, akaniuliza kama na mume wangu ni wa toleo hilo hilo. Sijarudi. Hapana, nimerudi mara mbili, ila sikununua kitu kikubwa.

Chai ya Rangi: "Lakini ina betri ndani" 😂😂😂 Niko kazini, bosi ananiuliza nacheka nini. Mkuu, wewe ulitakiwa kukaa kimya ubaki na heshima yako.

Fundi wa Uani: Mleta uzi futa machozi tuongee. Hizo Mag Charger zilianza 1982, miaka 3 baada ya kampuni ya Maglite kutoa tochi yake ya kwanza huko California. Askari wa Marekani walizipenda sana. Za zamani kama yako zina globu ya halojeni ya pini mbili na fimbo ya betri ya volti 6. Baadaye kiwanda kikahamia taa za LED na betri za lithiamu, ndiyo maana vipuri vya hiyo ya kwako vimekuwa adimu.

Betri usihangaike kuitafuta nzima. Ile fimbo ndani yake ni vibetri 5 vya nikeli kadimiamu vimepangwa foleni, kila kimoja volti 1.2. Piga hesabu. Fundi anayejua kazi atakuungia vitano vipya vya umbo lile lile, kwa vibati, asivichome kwa moto mwingi vikafa hapo hapo mezani. Ila mtu asikudanganye utie betri mawe za kawaida halafu uiweke kwenye chaja. Zile hazichajiwi. Zitavuja, au zitapasuka.

Sasa nijibu: globu ilikufaje? Uliibadilisha wewe?

Mleta uzi: Ile ya mwanzo ilizeeka. Nikaweka ya akiba, hukaa kwenye kifuniko cha nyuma. Hiyo ya akiba ndiyo imeungua ndani ya wiki. Ubovu mtupu.

Fundi wa Uani: Uliishika na nini?

Mleta uzi: Na mkono. Ningeishika na mguu?

Fundi wa Uani: Mkono mtupu?

Mleta uzi: Nilikuwa nimetoka kula chipsi mayai. Kwani vipi?

Fundi wa Uani: Basi umeiua mwenyewe, Mungu ailaze. Halojeni inapata joto kali. Mafuta ya vidole yakibaki kwenye kioo, sehemu ile inachemka kuliko nyingine, kioo kinakwisha. Hushikwa kwa kitambaa safi. Ukigusa kwa bahati mbaya, unafuta kwa spiriti kabla hujawasha.

Chai ya Rangi: Kumbe mtuhumiwa ni chipsi mayai. Yule wa mizani aachiwe huru.

Kandambili Moja: Na kachumbari ilikuwepo? Tujue kama ni njama.

Mleta uzi: Wakuu, mada ni MIZANI. Mtu kaitundika tochi ya marehemu kwenye ndoano mbele za watu. Mbona mnaruka?

Nahodha wa Nchi Kavu: Mimi naona jamaa yuko sawa. Kitu hakina vipuri, hakiwaki, ni alumini. Alumini inauzwa kwa kilo. Angeipimaje, kwa futi?

Mleta uzi: Wewe ni ndugu yake.

Nahodha wa Nchi Kavu: Ningekuwa ndugu yake angekupa elfu tatu.

Mvita Mvita: Sisi huku Mombasa ni yayo hayo. Nina karabai ya babu, naitafutia ngozi ya pampu. Ngozi tu, kiduara kidogo cha kukaa mwisho wa fimbo. Nimeambiwa niinunue taa ya sola. Nikasema sitaki taa, nataka ngozi. Akanambia, "Basi nenda kwa washona viatu." Nikaenda! Mshona viatu akanikatia, akanambia niiroweke mafuta ilainike. Sasa karabai yapampika vizuri, na yule muuza duka simwamkii.

Fundi wa Uani: Huyo mshona viatu ni fundi wa kweli. Ngozi ikikauka haishiki upepo, dawa yake ni mafuta tu.

Mama Nguvu Kazi: Kwa kuwa mafundi mmeamka: nani anajua nipate wapi mpira wa mfuniko wa sufuria la presha? Ni la zamani, nililetewa na shemeji kutoka Muscat. Mpira umekakamaa, mvuke unatoka pembeni unapiga filimbi kama treni ya Kigoma. Dukani wananiambia ninunue sufuria jipya. Jirani yangu ananishauri nikate tyubu ya baiskeli.

Fundi wa Uani: Dada yangu, usithubutu. Tyubu ya baiskeli si ya moto wa namna hiyo, na sufuria lile likifunguka limejaa mvuke halina huruma. Pima upana wa mfuniko kwa rula, nenda na ule mpira wa zamani, linganisha unene na mfereji wake. Usichukue "unaokaribia".

Mama Nguvu Kazi: Nani ataniuzia? Nimeenda kwa yule mwenye kalamu sikioni.

Chai ya Rangi: Akaleta mizani?

Mama Nguvu Kazi: Akaniuliza napika kwa ajili ya jeshi gani.

Mleta uzi: Mnaona! Ndiyo tabia yake! Sasa turudi kwenye tochi. Mwenye globu ya halojeni ya pini mbili, ya volti 6, ya Mag Charger, aje PM. Nina pesa. Na hiyo nitaishika kwa leso ya baba.

Kandambili Moja: Mkuu, leso aliyofutia tochi miaka ishirini ina mafuta kuliko chipsi.

Nahodha wa Nchi Kavu: Mimi nina balbu za pikipiki, pini mbili pia. Volti 12 lakini.

Fundi wa Uani: Hizo zitawaka kama kiberiti kilicholowa. Mwache.

Mkulima wa Dirishani: Samahani, nimechelewa kuingia. Mama Nguvu Kazi, hilo sufuria unapikia nini mpaka unahangaika hivyo?

Mama Nguvu Kazi: Maharage. Bila presha ni gesi nusu mtungi.

Mkulima wa Dirishani: Unayaloweka usiku?

Mama Nguvu Kazi: Mimi huwa siloweki.

Mvita Mvita: Ati huroweki?!

Chai ya Rangi: Halafu analaumu mpira.

Mama Nguvu Kazi: Ukiloweka yanapoteza ladha, mama yangu hakuwahi kuloweka.

Mkulima wa Dirishani: Mama yako alikuwa na kuni za bure. Loweka, mwaga yale maji, weka mapya, hata hilo presha hulihitaji.

Mleta uzi: Jamani tochi

Kandambili Moja: Subiri kidogo mkuu. Mkulima, na kunde nazo unaloweka?