Gereji tatu, shilingi 44,900, na kosa lilikuwa waya wa injekta!

Wandugu, nina hasira na nitaandika kirefu, mnivumilie.

Gari ni Fielder ya 2007, injini ya 1NZ-FE, cc 1,500. Niko nalo tangu 2014 na halikuwa limenilaza njiani hata siku moja. Mwezi wa pili mwaka huu likaanza kumisi. Asubuhi likiwa baridi linanguruma vizuri kabisa. Nikishapita Kangemi, Waiyaki Way inapoanza kupanda kuelekea Uthiru, linatingishika kama mtu mwenye homa, nguvu zinakata, taa ya injini inapepesa. Nyuma yangu lori linapiga honi. Pembeni yangu mama, miaka 71, ameshika mlango kwa mikono miwili na midomo inasali. Nampeleka kliniki ya sukari Kikuyu kila baada ya wiki mbili. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba ni gari kuukuu tu, nivumilie.

Gereji ya kwanza, Industrial Area. Wakachomeka mashine ya kusoma makosa ya injini, ikatoa P0303. Namba hiyo maana yake ni moja tu: silinda ya tatu haichomi. Haisemi koili inayotoa umeme wa cheche, haisemi plagi inayopiga cheche yenyewe, haisemi injekta inayonyunyiza petroli. Silinda inataka cheche, petroli na kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, na kikikosekana chochote kati ya hivyo vitatu, namba inayotoka ni hiyohiyo. Lakini fundi, kijana tu, alitazama kioo cha mashine sekunde tano, akafunga mashine, akaniambia, "Mdosi, koili zimekufa. Tubadilishe zote nne."

Zote nne! Kosa la silinda moja!

Kuna jaribio ambalo halihitaji hata shilingi. Unang'oa koili ya silinda ya tatu, unaiweka kwenye ya kwanza, ile ya kwanza unaileta ya tatu, unawasha na kwenda nalo mlimani. Kosa likihama likawa P0301, yaani silinda ya kwanza, koili ndiyo mbovu. Likibaki P0303, koili haina hatia, mwache mwenye gari na pesa zake. Plagi vilevile. Ni dakika kumi, na injini hii ina koili juu ya kila plagi, zote zinaonekana ukifungua boneti na kutoa kifuniko cha plastiki. Hakufanya. Nilitumwa Kirinyaga Road nikarudi na koili nne za 4,500 kila moja, na plagi nne za 1,100.

Sasa hapa ndipo roho inaponiuma zaidi. Plagi zilipotoka nilikuwa nimesimama pale. Tatu zilikuwa na ile rangi ya kahawia na kijivu ya kawaida. Ya silinda ya tatu ilikuwa safi na kavu. Kavu kabisa, haina hata harufu ya petroli, na gari lilikuwa limetoka kumisi hadi mlangoni mwao. Kijana aliigeuzageuza vidoleni, akaitupa kwenye ndoo pamoja na zingine. Silinda inayopata petroli bila cheche hulowesha plagi, unaitoa inanuka. Plagi kavu inakuambia petroli haifiki. Jibu lilikuwa mkononi mwake na akalitupa! Mimi wakati huo sikujua. Yeye ndiye fundi.

Siku tatu tu, Uthiru tena, honi tena.

Gereji ya pili iko Ngara. Hawa walianza na petroli, eti nimeuziwa iliyochanganywa na mafuta ya taa. Huo mchezo ulikuwepo, ndiyo maana 2018 mafuta ya taa yaliwekewa tozo ya shilingi 18 kwa lita. Lakini tangi ni moja, linalisha silinda zote nne. Petroli mbovu inaichagua vipi ya tatu peke yake? Nikauliza. Nikajibiwa basi ni pampu. Pampu nayo ni moja! Nilikuwa nimechoka, nikalipa 9,500 ya pampu na 6,000 ya kuosha injekta. Injekta zilipowekwa kwenye mashine yao zote nne zilinyunyiza sawasawa, nikaonyeshwa kwa fahari. Sawa, kama mezani inanyunyiza na ndani ya gari silinda haichomi, si ungejiuliza kama umeme unaifikia?

Gereji ya tatu sitawamalizia maneno. Walipima kompresheni, ikasoma psi 165, 163, 166, 164. Wakasema kitabu kinataka zaidi ya 200, kwa hiyo injini imechoka, wananitafutia nyingine kutoka Japani kwa 85,000. Nairobi iko mita karibu 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ina kanieneo pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa, na kipimo lazima kishuke. Cha kuangalia ni kama silinda zinalingana, na zangu zililingana kama mapacha. Niliondoka.

Aliyeliona kosa ni mzee wa wairingi, fundi wa nyaya za umeme wa magari, Kariobangi, anafanyia kazi kando ya barabara, hana mashine yoyote ya kompyuta. Swali lake la kwanza, hata kabla sijazima injini: "Ile plagi ya tatu ilipotoka, ilikuwa kavu au imelowa?"

Nilitamani kulia.

Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiegemeza kwenye injekta ya kwanza, mpini akauweka sikioni. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Kisha akanipa na mimi. Tik-tik-tik-tik, injekta nzima inagonga kama saa. Kwenye ya tatu ilikuwa tik-tik, kimya, tik, kimya. Akaushika waya unaoingia kwenye soketi yake, akaupinda kidogo kwa vidole viwili. Injini ikaanza kutetemeka. Akauachia, ikatulia. Akaupinda tena, ikatetemeka tena. Alipochuna ganda la waya, nyuzi za shaba ndani zilikuwa zimekatika zote isipokuwa mbili au tatu, kijani kwa kutu. Kile kibanio cha kushikilia nyaya hakikuwepo, kwa hiyo kila injini inapojivuta mlimani, waya unavutwa nayo. Akaunganisha kipande kipya, akayeyushia risasi kwenye kiungo, akaufunga vizuri, akarudisha kibanio. Shilingi 800. Jumanne iliyopita nimepanda hadi Kikuyu na kurudi, mama alisinzia njia nzima.

Nimejumlisha: koili 18,000, plagi 4,400, kuosha injekta 6,000, pampu 9,500, gharama za ufundi 7,000. Jumla 44,900, na hakuna kifaa hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kibovu.

Jumamosi nilirudi ile gereji ya kwanza kudai koili zangu za zamani. Zile nne zilizotoka na gari Japani, nzima kabisa. Nikaambiwa zilitupwa. Nani anatupa koili halisi nne katika mji huu, na Kirinyaga Road zinanunuliwa siku hiyohiyo? Nilipouliza tena meneja akaniambia nisilete fujo mbele ya wateja.

Risiti ninazo zote, na yule mzee wa Kariobangi amekubali kunipa kile kipande cha waya. Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Jumatatu naenda kufungua. Aliyewahi kuishtaki gereji huko aniambie: ulienda na fundi wa kutoa ushahidi, au risiti na kifaa vilitosha? Na je, koili ulirudishiwa koili, au ulilipwa pesa?