Tupeane uzoefu: umewahi kuishi au kufanya kazi na mtu mwenye gubu?

Wakuu, salaam. Nimelelewa na shangazi ambaye hakuna kilichompendeza. Ukiosha vyombo, umemwaga maji. Ukifagia, umetimua vumbi. Ukikaa kimya, umenuna. Wakubwa walisema tu "ana gubu yule, mwacheni", nasi watoto tukajua hata tufanyeje lawama ipo. Kukosoa kuna kikomo: unaambiwa kosa, unarekebisha, yanaisha. Gubu haliishi, maana ukirekebisha la leo linafufuliwa la mwaka juzi. Nyie mliishi nalo vipi?

Kipepeo: Pole sana. Kwangu alikuwa bosi. Napeleka ripoti, anasema maneno si sawa. Nayabadilisha alivyotaka, anauliza nani kaniambia nibadilishe. Ikabidi niwe naandika maagizo yake yote na kumsomea kabla sijaanza kazi. Hakuacha, ila angalau nilipata usingizi.

Mama Wawili: Jamani, tuwe waangalifu na hili neno. Kila nilipomuuliza mume wangu ada ya watoto imefikia wapi, jibu lilikuwa "umeanza gubu lako". Ndugu zake wakalidaka, nikawa wifi mwenye gubu. Swali ni moja, halijibiwi, nikirudia ndiyo gubu? Ada ilipolipwa sikuuliza tena. Mwenye gubu angetafuta jingine.

Mwanzisha mada: Mama Wawili, umenigusa. Hilo si gubu, ulikuwa unadai haki ya watoto. Halafu mbona wanaume hawaitwi hivyo? Mwanamume akilaumu kutwa nzima utasikia "mkali huyo", basi.

Msafiri: Kweli kabisa. Baba yangu alikagua chakula, viatu, hata tunavyocheka, na hakuna aliyethubutu kusema ana gubu. Aliyebandikwa jina hilo ni mama, kwa kumwomba apunguze! Iliniuma, na bado inaniuma. Sasa baba kazeeka, naishi naye. Akianza namuuliza, "Baba, ungependa nifanye nini?" Mara nyingi hana jibu, tunahamia mazungumzo mengine. Akiwa nalo, nalifanya papo hapo.

Kipepeo: Hiyo ya kuuliza naichukua. Ila kwa mama mkwe unaulizaje bila kuonekana unamjibu?

Msafiri: Kwa upole, mkiwa wawili tu. Mbele za watu usithubutu, atajiona umemwaibisha na hapo hamtasikilizana tena.