Tupeane uzoefu: begi la maji la mgongoni kwa wapanda milima

Mchanja Mbuga (mleta mada)

Wakuu, habari za siku. Mada yangu ni begi la maji, lile lenye mfuko laini ndani na mrija unaopita begani ili unywe huku unatembea. Naishi Morogoro na napanda Uluguru kila nikipata nafasi, mara nyingi njia ya Morningside. Nimechukua la lita 2 na nimelipima kwa muda wa kutosha. Naweka hapa niliyoyaona, halafu nawaomba mliolivaa kwingine mseme yenu. Maneno ya wauzaji tumeyasoma sana.

Kabla ya kwenda nalo popote nililijaribu nyumbani. Nilijaza mfuko hadi juu, nikaufunga, nikaulaza juu ya gazeti kavu na kuuwekea ndoo ya maji juu yake usiku kucha. Asubuhi gazeti lilikuwa kavu kabisa. Nawasihi mfanye hivyo, kwa sababu mfuko huo unakaa begi moja na sweta, simu na chakula. Ukivuja nyumbani unafuta sakafu. Ukivuja juu kwenye baridi, nguo ya kukuokoa ndiyo imelowa.

Kipimo cha pili ni ladha. Maji yaliyolala humo yalinuka plastiki. Nililoweka maji ya uvuguvugu na ndimu, nikasuuza mara kadhaa hadi harufu ikaondoka.

Njiani tofauti niliiona mapema. Kutoka mjini kwenda Morningside ni mpando tu, na jua la saa nne halina huruma. Nikiwa na chupa nilikuwa nakunywa nikisimama, yaani nikiwa tayari na kiu kali, nagugumia nusu lita kwa mkupuo na tumbo linakuwa zito. Kwa mrija nakunywa fundo moja moja, na nafika nikiwa na nguvu. Jambo dogo lenye faida kubwa: ukishajaza, geuza mfuko juu chini na unyonye hewa yote itoke. Maji hayachezi tena mgongoni, na zile kilo 2 zinatulia.

Nisichokipenda ni kwamba huoni maji yaliyobaki. Mrija unakauka ghafla tu.

Mguu wa Kibo

Mkuu, asante kwa mada. Mimi naongoza wageni Kilimanjaro, kwa hiyo nasema ya kwetu Moshi.

Begi hili ni zuri sana kuanzia getini hadi kambi ya mwisho. Usiku wa kilele ndio mtihani wake. Tunatoka kambi ya Barafu karibu na saa sita usiku, tukilenga kufika kilele cha Uhuru, mita 5,895, jua likichomoza. Mrija ni mwembamba, na maji yaliyomo ndani yake huganda mapema sana. Nimeona wageni wamebeba lita 2 ambazo hazijaganda na hawawezi kunywa hata tone. Dawa yake ni hii: kila ukimaliza kunywa, puliza maji yarudi mfukoni ili mrija ubaki mtupu. Upitishe ndani ya koti, usiuache nje. Jaza maji ya moto kiasi, si ya kuchemka. Na hata ukifanya yote hayo, beba chupa ngumu yenye mdomo mpana, ivalishe soksi nzito na uiweke kichwa chini. Barafu huanzia juu, kwa hiyo ukiigeuza, upande wa kifuniko unabaki na maji.

Chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi hifadhini, kwa hiyo kila mtu lazima awe na chombo chake. Wenzangu wapagazi wanaobeba hadi kilo 20 wengi wana chupa moja tu. Langu nililipata mitumba, soko la Memorial. Begi zima, lakini mfuko wa ndani ulikuwa na ukungu mweusi. Niliutupa nikatafuta mpya. Kwa mitumba nunua begi; mfuko na mrija visivyo safi usivihurumie.

Wanjia

Nawasalimu kutoka Nairobi. Mimi na wenzangu hupenda Mlima Longonot, mita 2,776, na ukishafika ukingoni unazunguka kreta yote, lile shimo la volkano, kama kilomita 7 hivi. Huko njiani hakuna maji ya kuchota wala kivuli cha maana. Nilianza na lita 2, sasa natembea na 3.

Shida ya Longonot ni vumbi. Ni laini kama unga na linaingia kwa ile sehemu ya kung'ata, kisha unatafuna mchanga. Tafuta begi lenye kifuniko pale mdomoni, ama ufunge kimfuko kisafi. Pia kumbukeni kwamba mrija haugawani vizuri. Mwenzako akiishiwa maji, utampa akunywe kwa mdomo wako? Mimi huongeza chupa ya chuma ya kusaidiana. Za plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku kwa mbuga zetu tangu Juni 2020.

Msafiri wa Muscat

Mimi niko Oman, na shida yangu ni kinyume cha ya Kilimanjaro. Hapa jua linaupiga mrija hadi fundo la kwanza linakuunguza ulimi. Nimefurahi kusoma habari ya kupuliza maji yarudi, kwa sababu huku kwenye joto nasi tunafanya vilevile. Nikienda mlima Jebel Shams, usiku najaza mfuko nusu, naulaza bapa kwenye friza, asubuhi naongeza maji ya kawaida juu yake. Napata maji baridi saa kadhaa.

Bi Nesi

Naomba niseme moja kuhusu afya. Msiweke juisi wala soda humo, sukari inaota ukungu kwenye mrija ambako brashi haifiki. ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini, wekeni kwenye chupa ya pembeni. Na urahisi wa mrija usiwafanye mnyonye bila kiu saa zote. Maji mengi mno bila chumvi yanaishusha chumvi ya damu, na mtu anaanza kuumwa kichwa na kutapika, dalili mnazoweza kudhani ni za urefu wa mlima. Kunyweni kwa kiu, mle na karanga zenye chumvi.

Mguu wa Kibo

Dada umesema kweli. Sisi tunawaambia wageni lita 3 hadi 4 kwa siku, lakini humo tunahesabu chai, uji na supu. Si zote kupitia mrijani.

Mchanja Mbuga (mleta mada)

Asanteni sana. Niongeze la kukausha: nikirudi naosha mfuko, kisha nauning'iniza mdomo chini na mwiko safi ndani ili kuta zisishikane. Mrija nauchomoa na kuuning'iniza peke yake. Nikiona hautatumika karibuni, naweka vyote friza. Ukungu hauoti kwenye baridi ile.

Kijana wa Kijenge

Wakuu, nakwenda Mlima Meru wa Arusha mara ya kwanza. Lita 2 zinatosha?

Mguu wa Kibo

Siku ya kwanza hadi kambi ya Miriakamba zinatosha, na kesho yake hadi kambi ya Saddle vilevile. Usiku wa kilele chukua 3: 2 kwenye begi na 1 kwenye chupa, maana kutoka Saddle hadi juu na kurudi hupati pa kujaza. Pale hifadhini mnatembea na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, na kundi linakwenda pamoja. Hapo mrija utakusaidia kweli, kwani hutawasimamisha wenzako kila ukisikia kiu. Jaza jioni kabla ya kulala, na mfuko ulale nao ndani ya begi la kulalia.