Mumiani katika hadithi ya historia mbadala: nianzie wapi?

Swali
Ndugu zangu, ninaandika hadithi ya historia mbadala, yaani inayobadilisha jambo moja la historia na kufuata matokeo yake, iliyowekwa Mombasa mwaka 1947, ambamo uvumi wa mumiani ni kweli tupu: kikosi cha zimamoto kinakamata watu usiku na kuwatoa damu. Mkuu wa kikosi nimemchora kama mnyonya damu wa Ulaya, mwenye meno marefu, anayeogopa jua na msalaba, lakini kila nikisoma naona nimemvika nguo ya kuazima. Kosa liko wapi?

Jibu la kwanza
Kosa liko kwenye meno. Dracula wa riwaya ya Bram Stoker, iliyochapishwa mwaka 1897, ni mwinyi anayekunywa damu kwa kiu yake mwenyewe, ilhali mumiani hanywi. Kamusi ya Kiswahili ya mmisionari Krapf, ya mwaka 1882, inalieleza neno hilo kuwa ni dawa ambayo, kwa imani ya wenyeji, Wazungu waliitengeneza kwa damu ya binadamu. Muuaji anayeitafuta damu hiyo, kwa hiyo, ni mtu wa kazi: ana mshahara, ana zamu, ana gari na sindano, na anachokichukua anakipeleka kwa bwana ambaye hata yeye hamwoni. Mng'oe mkuu wako meno, umpe daftari la mahudhurio, halafu uone atakavyotisha.

Jibu la pili
Daftari ni zuri, lakini halitoshi. Mwandishi Kim Newman, katika riwaya yake Anno Dracula ya mwaka 1992, alipindua jambo moja, yaani Dracula hakushindwa bali alimwoa Malkia Victoria, kisha akaiacha London ya mwaka 1888 ibebe matokeo. Wewe umepewa tukio tayari, kwa kuwa mwaka 1947, miezi michache baada ya mgomo mkuu wa wafanyakazi wa Januari, umati wa Mombasa ulikishambulia kituo cha zimamoto kwa sababu ya uvumi huohuo. Pindua historia hapo: mlango unavunjwa na shimo la waliokamatwa linaonekana. Baada ya hapo jiulize maswali ya kawaida kabisa. Makuli watadai nini zaidi ya nyongeza ya mshahara? Ni mama gani atakayempeleka mtoto kuchanjwa? Nyumba ikiungua mtaa wa Majengo, nani atathubutu kuwaita wazimamoto? (Mimi hilo la mwisho ndilo lingeninyima usingizi.)

Mwuliza swali
Ahsanteni sana. Tatizo ni kwamba mhusika wangu mkuu ni mzimamoto Mwafrika, nami sikutaka awe mwovu.

Jibu la tatu
Asiwe mwovu, ila usimtakase pia. Katika uvumi wenyewe, wanaotumwa kukamata watu ni Waafrika walioajiriwa, na majirani waliwaogopa kwa sababu waliwafahamu kwa sura. Mpe nafasi ya kujua nusu tu: anaendesha gari, anaambiwa asigeuke nyuma, na mwisho wa mwezi bahasha yake ni nene kuliko ya kuli wa bandarini.

Mwuliza swali
Basi mkuu wa kikosi nitamwondoa kwenye sura ya kwanza. Nitaanza na mke wa dereva, anayezihesabu fedha za bahasha hiyo mara mbili, kisha anamwuliza mumewe kwa nini safari hii hapakuwa na moto.