Mzee hataki nisome uhifadhi, naombeni ushauri

Binti wa Igombe: Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia), nimepata daraja la pili. Natamani kuomba shahada ya usimamizi wa wanyamapori pale Sokoine, Morogoro. Mzee hataki hata kusikia. Yeye ni mvuvi wa dagaa hapa Igombe, Mwanza, na mwaka juzi doria ilimchomea nyavu, basi tangu hapo kila anayevaa magwanda ya kijani ni adui yake. "Nikusomeshe uje unichomee tena?" Mama akacheka, mimi sikucheka. Anataka niende uuguzi. Je, ajira zipo? Na mtoto wa kike anaiweza? Nawasilisha.

Sangara Mkavu: Binti, mimi ninayo hiyo shahada unayoitaka. Nauza kava za simu sokoni Makoroboi, mwaka wa nne huu. TANAPA ya hifadhi za taifa, TAWA ya wanyamapori au TFS ya misitu wakitangaza nafasi tunajazana kama dagaa kwenye karai. Na ukipita usaili, kuna mafunzo ya kijeshi kwanza, maana siku hizi hizo taasisi ni jeshi la uhifadhi. Sikukatishi tamaa, ila usiende ukidhani ni kazi ya kuangalia twiga.

Kapeto: Kwani uuguzi ndiyo ajira zipo? Waulize waliomaliza.

Mama Pasiansi: Swali la mtoto wa kike limenichekesha. Mimi nilisoma chuo cha wanyamapori Pasiansi, hapo hapo Ilemela, na wavulana walizimia gwaride nikiwaona. Kilichoniliza mimi ni malengelenge. Buti mpya usiende kuzianzia chuoni mdogo wangu. Zivae nyumbani wiki mbili, chota nazo maji ziwani, mpaka kisigino kilainike. Hilo hawakuandikii kwenye fomu ya kujiunga.

Nzohe: Mimi nina swali jingine. Umekulia Igombe, unajua upepo, unajua sato anazaliana wapi, halafu unakwenda Morogoro kusomea tembo? Uhifadhi si porini tu. Kisiwa cha Rubondo hapa ziwani ni hifadhi ya taifa tangu 1977, na pamoja na nzohe (swala wa majini) na sokwe wake, inalinda mazalia ya samaki. Chuo cha FETA kipo Nyegezi, daladala tu kutoka kwenu, kina stashahada ya uvuvi na ya ufugaji wa viumbe maji. Vizimba vya kufugia sato vinavyoongezeka huku ziwani vinataka watu. Shahada utaiongeza baadaye.

Kuhusu mzee, usibishane naye. Muulize taratibu wavu wake ulikuwa wa milimita ngapi. Kanuni inakataza wavu wa dagaa chini ya milimita 8.

Sangara Mkavu: Nzohe kanena. Mimi ningepewa ushauri huo mapema nisingekuwa na deni la Bodi ya Mikopo.

Binti wa Igombe: Asanteni sana. Mbalamwezi hii wavuvi wa dagaa hawaendi majini, nimemkuta mzee ufukweni anashona wavu, nikamuuliza. Akanyamaza, akakata uzi kwa meno, akasema, "Sita." Nikadhani yameisha. Naanza kuondoka ananiita: "Hiyo Nyegezi ada yake shilingi ngapi?"

Mwenye fomu ya mwaka huu anitumie inbox.